Mwandishi mdogo hana kijicho

Katika mtandao wa uandishi wa Steem ulioanza mwaka 2016, na Hive uliojitenga nao Machi 2020, mwandishi hulipwa kwa kura za wasomaji, na uzito wa kura hufuata akiba ya sarafu za kidijitali ambazo mpiga kura amezifunga katika akaunti yake. Kijana wa Ngamiani, hapa Tanga, akiandika huko juu ya mnada wa samaki wa Deep Sea, aweza kupigiwa kura na wasomaji arobaini wa akiba ndogo akaambulia senti chache, kisha mwenye akiba kubwa akapita na kura yake moja ikawazidi wote. Akilalamika, huambiwa ana kijicho.

Wenye akiba kubwa wana hoja ya kusikilizwa. Katika Hive, kuitoa sarafu iliyofungwa huchukua wiki 13, kwa mafungu, na bei ikianguka hasara ni yao. Tena kura zingekuwa sawa kwa kila akaunti, mjanja mmoja angefungua akaunti mia na kujipigia kura mwenyewe. Hoja hii ya pili ni nzito, na wanaodai usawa mara nyingi huikwepa.

Lakini mali hiyo ilipatikanaje? Hadi katikati ya mwaka 2017, Steem ilikokotoa malipo kwa kipeo cha pili cha uzito wa kura. Mwenye akiba mara 10 ya mwenzake, kila mmoja akiipigia kura makala yake peke yake, alielekeza malipo mara 100. Mwenye akiba mara 100 alielekeza mara 10,000. Ndiyo miaka ambayo sarafu mpya zilikuwa zikigawiwa kwa wingi. Kanuni ilibadilishwa, ila mali iliyogawiwa chini yake haikurudishwa, na ile isiyouzwa ingali inapiga kura hadi leo. Anayelitaja hilo anadai hesabu, wala hamhusudu mtu.

Wapo pia wasemao kwamba tajiri hana huruma; mimi sikubali kwamba ana moyo mgumu kwa asili. Mwaka 2015 mtafiti Akihiro Nishi na wenzake walichapisha katika jarida la sayansi la Nature jaribio ambamo wachezaji walipewa mali zisizolingana. Walipoweza kuona mali ya majirani zao, ushirikiano ulipungua na utajiri wa kundi zima ukashuka. Mali ilipofichwa, tofauti hizo zilileta madhara madogo tu. Sasa katika Hive pochi ya kila mtu iko wazi kwa yeyote, na katika orodha ya makala, kila moja imeandikiwa thamani ya kura zake kwa dola. Msomaji hukutana na fedha kabla ya maneno.

Katika vikundi vyetu vya hisa, mama mwenye duka hununua hisa tano na muuza vitumbua moja, lakini kwenye uamuzi kila mmoja ana kura moja, na mfuko wa jamii huchangiwa sawasawa. Hilo linawezekana kwa sababu wanajuana kwa sura, jambo ambalo mtandaoni halipo. Kwa hiyo sidai kura moja kwa kila akaunti. Nadai thamani ya kura ifichwe hadi siku saba za kusubiri malipo ziishe, na wenye akiba kubwa watumie ruhusa ambayo tayari wanayo, ya kumkabidhi mwingine nguvu ya kura bila kumpa sarafu yenyewe, wawakabidhi wasomaji wanaokijua Kiswahili na wanaosoma makala hadi mwisho.