Ukiona Mtu Mzima Anakimbia

Mimi nina miaka 54, na tangu nimalize shule sijawahi kukimbia bila sababu. Nimeikimbia mvua, nimekimbilia daladala, mwisho wa mwezi nimemkimbia sana mwenye duka wa pale kona. Lakini kuamka saa 11 alfajiri, nitoke, nikimbie, halafu nirudi palepale nilipotoka? Hilo sikuwahi kuliwaza hata nikiwa na homa.

Yote kayaleta daktari. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikaenda zahanati kutafuta vidonge. Akanifunga lile dude la mkononi, likanikaba, likasoma 150 kwa 95. Kwenye mzani, kilo 97. "Mzee wangu, mazoezi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki." Nikamuuliza kama hizo 150 ndizo zilezile za presha au nimeongezewa nyingine. Hakucheka. Na yeye mwenyewe kitambi kinamtangulia mlangoni, ila ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Nikampa mama watoto taarifa. Akanitazama kuanzia kisogoni mpaka visiginoni, akasema, "Sawa mume wangu. Andika namba yangu kwenye karatasi uitie mfukoni, wakikuokota wajue pa kupiga."

Haya, raba. Wanaosema kukimbia ni bure hawajafika Karume. Kijana ananiambia elfu sitini, mtumba daraja la kwanza, "mzee hii ina hewa chini, utakuwa unaelea." Nikamshusha mpaka elfu thelathini na tano, nikaondoka najiona mjanja. Siku ya tatu soli ya kulia ikafumuka mdomo, kila hatua inapiga makofi. Fundi viatu akaishona kwa buku mbili, akanichomekea, "Hii ya kuendea kanisani, mzee, siyo ya kukimbilia." Mimi hata kanisani siendi, ni Mwislamu.

Sasa tuje barabarani, huku kwetu Segerea. Mnajua ule usemi kwamba ukiona mtu mzima analia ujue kuna jambo. Akikimbia, mtaa mzima unataka kulijua jambo lenyewe. Mama wa vitumbua akaanza kufunika karai lake: "Baba, huko utokako kuna usalama?" Bodaboda wakanipigia kelele, "Mzee, wameshatokomea hao, huwapati!" Nani? Mimi simfukuzi mtu, ninafukuza kitambi, na chenyewe kiko mbele yangu hatua moja kila siku.

Lakini yote hayo si kitu mbele ya shikamoo. Saa 12 kasoro watoto wa shule wako njiani, nao wamelelewa vizuri, Mungu awabariki wazazi wao. Kila mmoja: "Shikamoo babu!" Babu! Ingekuwa "mambo" ningeinua kidole gumba nikapita. Shikamoo lazima uitikie, na marahaba ina silabi nne wakati mimi nina pumzi ya mbili. Watoto watatu wa mwanzo niliwapa marahaba kamili. Wa nne akapata "maraha". Kufika wa kumi imebaki "ma". Nyuma yao kulikuwa na mstari mzima bado, nikageukia ukuta nikajifanya nafunga kamba za viatu mpaka wakaisha. Jioni nikasikia inasemwa kwamba yule babu wa njia ya chini siku hizi ana kiburi.

Jirani yangu mmoja, mpenda historia, kila nikirudi nachechemea ananisomea risala. Mwaka 1968 kule Mexico, John Stephen Akhwari alianguka, goti likaumia, akafungwa bendeji akamaliza marathoni wa mwisho wakati uwanja umeshaanza kuwa mtupu. Mwaka 1974 Filbert Bayi akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Juzi tu, 2025, Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, kamzidi Mjerumani kwa kifua. "Damu ile unayo na wewe!" Jirani, damu ile ilipogawiwa mimi nilikuwa foleni ya ubwabwa. Wale wengi wanatoka huko juu kwenye baridi, Mbulu, Karatu, Singida. Aje mmoja akimbie Dar mwezi wa pili, hewa yenyewe inatafunwa kwanza ndiyo imezwe. Kwa Akhwari mimi nimerithi goti peke yake.

Nilijaribu na kikundi cha jogingi. Kiingilio, fulana, mchango wa bendi, na wiki ileile msiba wa mwanachama ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai. Wanakimbia wanaimba! Nikapata kilo pungufu saa moja asubuhi, saa mbili tukaingia kwenye supu na chapati nikairudisha na riba. Nikajitoa.

Nikabaki na barabara yangu, peke yangu, mpaka Jumanne moja.

Natoka Segerea taratibu, nyuma yangu ikaja daladala. Konda akaniona. Yule kijana ana moyo mzuri, tatizo lilianzia hapo. Akagonga bodi: "Dereva shika, kuna mzee anatukimbilia!" Gari ikasimama mbele yangu, vichwa vikatoka madirishani: "Jitahidi mzee! Umeshafika!" Nikapunga mkono kwamba endeleeni. Wakaona naomba wasiniache. Nilipofika usawa wa mlango, konda akanidaka kiwiko akanivuta ndani, gari ikaondoka.

Nimesimama, bukta, jasho, mfukoni nina ufunguo na karatasi ya namba ya mama watoto. Mama mmoja akanipisha kiti. "Baba, kuna nini?" Nilitaka kumweleza kwamba daktari kaniambia nina presha nifanye mazoezi. Ikatoka moja tu: "Presha..."

"Yarabi! Ya nani?"

"Kwangu... nyumbani..."

"Mmewahi kumfikisha hospitali?"

Nikatikisa kichwa kwamba sivyo, subirini nipumue. Mama akajipiga kifuani: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!" Gari zima likaitikia. Dereva akazima redio.

Pumzi ilirudi tulipofika Bima. Lakini mama alikuwa ameshavua mtandio wake, unapita kiti kwa kiti, mwanafunzi katoa mia mbili yake. Utaanzia wapi kuwaambia watu walioinamisha vichwa kwamba marehemu mwenyewe ni kitambi, na bado yuko hai? Konda akaniuliza msiba uko wapi, nikataja Buguruni, kwa kuwa ndicho kituo nilichokikumbuka. Wakanishusha kwa kunishika mikono. Shilingi 11,300, na nauli wamekataa.

Nilikunywa supu, nikapanda gari lingine nikarudi, zilizobaki nikazitia kwenye sanduku la msikiti. Mama watoto akauliza mbona leo nimechelewa. Nikamwambia leo nilikwenda mbali.

Siku hizi napita njia ya bondeni, yenye mbwa. Mbwa hana maswali. Ila juzi ilibidi nikapande gari kituoni kama watu wengine, nimevaa suruali yangu, nimetulia, mara mlango ukafunguka, ni yeye. Akateremka kabisa, akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, pole sana. Arobaini ni lini? Mimi na dereva tunakuja."