Broila hachomwi sindano, ila kuna kitu hatuwaambii

Juzi shangazi yangu alikuja kutoka Sengerema, siku hizi wanakuja tu wakijisikia tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, hakuna tena habari ya kusubiri kivuko, basi nikamchinjia kuku. Kuku wangu mwenyewe, broila, yani kuku wa nyama wa kisasa, wa siku 36, mzito mpaka anatembea kama mzee wa kanisa. Nikamkaanga nikamuunga na nyanya, nikasonga na ugali. Shangazi akala ugali na mchuzi, minofu akaisogeza pembeni ya sahani kistaarabu kabisa. Nikamuuliza vipi shangazi, chumvi imezidi? "Hapana mwanangu, kimenoga. Ila hawa wa sindano mi nawaogopa, na magoti yangu haya."

Jamani. Hawa wa sindano, yani eti broila tunawachoma homoni ili wakue haraka. Hili neno nimelisikia sokoni Mwaloni hapa Mwanza, nimelisikia kwenye daladala ya Buhongwa, nimelisikia mpaka msibani, na kila nikilisikia nachoka upya.

Hebu tufikirie kidogo. Mi nafuga kuku 100 kwa mkupuo mmoja huku Buswelu, nyuma ya nyumba, banda limeegemea jiwe kama nyumba nyingi za huku kwetu. Homoni ya kukuza mwili ni protini, ukiichanganya kwenye chakula tumbo la kuku linaimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa, kwa hiyo ingebidi nimkamate kuku mmoja mmoja nimchome, tena kila siku, kuku 100, alafu huyo huyo nije nimuuze kwa bei ya broila? Ningekuwa nafanya sadaka. Broila anakua haraka kwa sababu ya ukoo wake, basi. Watu wamekaa miongo mingi wanachagua majogoo na mitetea mizito na kuwapandisha, kizazi kwa kizazi. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada walitoa utafiti 2014, walichukua kuku wa ukoo wa 1957, wa 1978 na wa 2005 wakawalea pamoja, chakula kile kile. Siku ya 56 yule wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Chakula kimoja, matunzo mamoja, kilichobadilika ni damu ya kuku. Ndo maana na wewe ukimlisha kuku wa kienyeji stata, kile chakula cha kuanzia cha broila, hawezi kuwa broila, atakula atanenepa kidogo alafu ataruka ukuta aende kwa jirani.

Haya, hapo nimemtetea broila. Sasa upande wa pili, ambao sisi wafugaji wa nyumbani tunaupitia juu juu.

Sindano hatuchomi. Ila antibaotiki tunawapa, tena kwa mkono mwepesi sana. Kifaranga akipiga chafya moja mtu ameshakimbilia duka la dawa za mifugo, hajaulizwa hata swali, anatoka na pakiti ya oksitetrasaiklini, anakoroga kwenye maji. Wengine hawasubiri hata chafya, wanaanza siku ya kwanza "kwa ajili ya kinga". Na nina haki ya kusema maana nimefanya yote mawili.

Kundi langu la tatu nilijiona fundi. Vifaranga walifika na basi la usiku, maboksi yenye matundu, wanalia, nikawapokea na maji ya glukosi ya uvuguvugu, duara la maboksi limeshawekwa, jiko la mkaa lipo ndani ya chungu na dirisha la juu nimeliacha wazi maana moshi wa mkaa unaua kuku na unakuua na wewe. Wiki ya kwanza wanataka joto la kama nyuzi 32 hivi, kipimajoto sina lakini vifaranga wenyewe ni kipimajoto, wakijikusanya rundo moja wana baridi, wakikimbilia ukutani midomo wazi wana joto, wakilala wametawanyika kama punje za mtama kwenye mkeka na wewe nenda kalale. Nilikuwa naamka saa nane usiku kuangalia. Wiki nzima walikufa wawili tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa chanjo. Siku ya 14 ni chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku, nikawanyima maji kwa masaa mawili ili wawe na kiu, nikakoroga chanjo kwenye maji ya bomba moja kwa moja. Maji ya bomba yana klorini na chanjo ile ni virusi hai, klorini inaviua kabla kuku hajameza, yani niliwanywesha maji matupu ya gharama. Siku hizi natumia maji ya mvua au ya kisima, na maziwa ya unga kidogo ndani.

La pili ni jiwe. Nilikwambia banda limeegemea jiwe. Ikanyesha mvua moja ya Aprili, usiku, maji yakateremka juu ya lile jiwe yakaingia bandani kimya kimya kama mgeni asiyebisha hodi. Asubuhi nusu ya pumba za mpunga zimelowa. Mi nikasema zitakauka. Hazikukauka, baada ya siku tatu ukifungua mlango ile harufu ya mkojo inakupiga machoni mpaka unatoa chozi, na wewe una mita moja na nusu kutoka chini, kuku yuko sentimita kumi anaivuta masaa 24. Siku ya 26 wakaanza kukoroma. Nikanunua dawa. Kwenye pakiti imeandikwa, maandishi madogo madogo, kuku asichinjwe mpaka zipite siku 7 tangu dozi ya mwisho.

Dozi ikaisha siku ya 31. Siku ya 32 jamaa wa chipsi ananipigia, dada nataka 30 leo, naleta hela mkononi.

Piga hesabu na wewe. Kuku wa umri huo anakula kama gramu 170 kwa siku, kuku 100 ni kilo 17, siku saba ni kilo 119, mifuko miwili ya kilo 50 na zaidi, na kunenepa kwenyewe hakunisaidii, kuku akishapita kilo mbili mtu wa chipsi hataki, anakwambia wakubwa mno hawagawanyiki vizuri. Na ilikuwa mbalamwezi, wavuvi hawatoki na taa zao, dagaa hakuna, na chakula cha kuku kinachochanganywa na dagaa kimepanda bei.

Nikamuuzia. Thelathini, wakiwa na dawa mwilini. Jioni nilipita pale kibandani kwake nikaona watoto wa shule wananunua vipande, nikageuza njia.

Kwa hiyo mi naona tunabishana kitu kisichokuwepo na kinachokuwepo tunakiacha. Mteja ananiuliza "umewachoma?" namjibu hapana kwa kujiamini kabisa, na nasema kweli, na bado nimemficha. Swali la kuuliza ni moja: mara ya mwisho wamepewa dawa lini? Mfugaji akianza kuangalia juu, ondoka. Mabaki ya dawa yale tunayala kidogo kidogo, na wadudu wa magonjwa wanaozoea dawa bandani hawabaki bandani, siku mtoto anaumwa hospitali wanabadilisha dawa mara tatu na wewe unashangaa. Na nyinyi wenzangu wafugaji, nusu ya dawa tunazonunua tunanunua kuficha uvivu. Pumba mbichi zitoe siku hiyo hiyo. Mi nimechimba mtaro nyuma ya banda, nimetumia asubuhi moja na sururu ya kuazima, na kundi lililofuata sikununua pakiti hata moja.

Sasa hivi kuna daftari la shule limening'inia kwa kamba mlangoni mwa banda. Tarehe waliyoingia, waliokufa, chanjo, dawa kama ipo. Yule wa chipsi nilimwambia siku moja subiri mpaka Jumanne, akacheka, akaenda kwa mwingine wala hakurudi, na siwezi kusema haikuniuma.

Shangazi wakati anaondoka nikamfungia jogoo mmoja hai kwenye boksi ampelekee mjomba. Akaniangalia. "Huyu hajapewa kitu?" Nikachomoa daftari nikampa. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari mpaka tarehe ya siku ile, akalifunga, akabeba boksi lake. Kama walimla au alimuuza pale stendi ya Sengerema, hajasema mpaka leo.