Kiapo cha Benin City: kosa ni la dini au la wanaoitumia?

Wasichana wengi wa jimbo la Edo, Nigeria, waliopelekwa Italia kupitia Libya na kulazimishwa ukahaba waliapishwa kwanza kwa mganga. Watu wakisikia hivyo wanakata shauri palepale, dini za mizimu ni ushetani, zipigwe marufuku. Mi nadhani wanawahi mno kuhukumu, ila hoja wanayo.

Maana kiapo chenyewe kinatisha. Binti anachukuliwa nywele na kucha, anachanjwa chale, analishwa maini mabichi ya kuku, halafu anaapa atalipa deni lote (mara nyingi makumi ya maelfu ya euro) na hatomtaja kwa polisi madamu wake, yaani mwanamke anayemtumikisha na kumdai, akivunja atapata kichaa au atakufa yeye au mamake. Akifika Ulaya hata mlango usipofungwa hatoki. Na mganga kalipwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo wanaosema wakosaji ni wahalifu tu, dini haihusiki, hao nao siwaelewi.

Lakini hapohapo Benin City (mji mkuu wa jimbo hilo la Edo, sio nchi ya Benin) watu wanapelekana kwa Ayelala, mungu wa kike wa haki, kwa kesi za wizi na madeni, sababu mahakamani kesi zinachukua miaka na hela. Hofu ni ileile, ila huku inamlinda mnyonge.

Halafu kuna tarehe 9 Machi 2018. Oba Ewuare II, mfalme wa jadi wa Benin City, aliwakusanya waganga ikulu kwake, akafuta viapo vyote vya wahanga na kuwalaani watakaoendelea kuapisha. Nigeria ina sheria ya kuzuia biashara hii ya kusafirisha watu tangu 2003 na ni sheria nzuri, inaweza kumfunga madamu, ila binti anayeamini roho yake imebaki madhabahuni haiwezi kumfungua. Oba aliweza, na kuna waliokuwa Ulaya wakaacha kulipa. Kweli neno lake lina mipaka, madamu anaweza kuvuka jimbo akatafuta mganga mwingine.

Ghana nao walipiga marufuku trokosi mwaka 1998, yaani mabinti kutolewa kwa madhabahu kulipia makosa ya ndugu zao, lakini wengi walioachiwa walitoka kwa mazungumzo na makuhani wenyewe, hadi makuhani wakapewa ng'ombe.

Sasa wanaotaka madhabahu zote zichomwe wanijibu hili: yule binti aliyeko Turin, Italia, kucha zake zimebaki kwa mganga, nani atamwambia kiapo kimekwisha naye akaamini?