Kabla hamjamwamuru msajili afunge jina ndani ya saa 24

Limerudi tena. Wadau wa intaneti wa Kanda ya Ziwa wakikaa kuzungumzia utapeli wa mtandaoni, lazima mtu asimame na pendekezo lile lile: msajili, yaani kampuni inayouza na kuandikisha majina ya intaneti, akipokea malalamiko kuhusu jina la kikoa (lile la tovuti na barua pepe, lenye mwisho kama .com au .co.tz), alifunge ndani ya saa 24, basi. Msajili akinyoosha mkono aeleze, anajibiwa kwamba yeye ni dalali tu, apokee hela na afuate maelekezo.

Neno hilo linaniudhi, maana sisi wa Mwanza madalali tunawajua. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri uulize gunia lipi la dagaa limelowa njiani na mzigo upi umelala siku mbili. Mnunuzi hajui, mwenye mtumbwi keshaondoka. Dalali anajua. Soko likitungiwa kanuni yeye akiwa nje, kanuni itakosea palepale anapopaona yeye peke yake.

Basi tuangalie msajili ana nini mkononi. Tovuti yako hana. Mafaili yako hana, barua pepe zako hazisomi. Ana njia moja ya kuzungumza na rejista, yaani daftari kuu la majina yote ya mwisho fulani; njia hiyo ni itifaki ya EPP, na kwayo anaweza kubadili seva za majina (kompyuta zinazoelekeza jina lilipo), kurekebisha taarifa za mwenye jina na kuweka alama. Alama ya kufunga inaitwa clientHold. Ukiiweka, jina linatolewa kwenye zoni, orodha ambayo intaneti huitumia kulitafuta, lote zima. Hakuna clientHold ya ukurasa mmoja.

Chukua kiwanda cha minofu ya sangara kinachouza Ulaya. Jina lake ni moja, la .com, limelipiwa miaka tisa mfululizo. Juu ya jina hilo kuna tovuti ambayo haijaguswa tangu itengenezwe, na kuna barua pepe ambazo ndizo biashara yenyewe: oda, ankara, vyeti vya afya vya samaki, ratiba za ndege. Mtapeli anapenya kupitia programu-jalizi (kiongezi) ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, iliyoachwa bila kusasishwa, anapachika folda yenye ukurasa bandia wa benki ya nchi nyingine. Benki inalalamika kwa msajili. Saa zinahesabika, msajili anafunga.

Taarifa za .com kuhusu seva za majina hukaa kwenye akiba (kumbukumbu za muda) za watoa huduma za intaneti hadi sekunde 172,800, yaani saa 48. Kwa hiyo jina halipotei kila mahali kwa wakati mmoja. Mnunuzi wa Rotterdam bado barua zake zinafika, wa Madrid zinamrudia, na pale kiwandani wanamlaumu fundi wa intaneti ya ofisi. Kuna jambo jingine ambalo wapendekezaji hawalitaji kabisa. Seva ya barua ikizimika tu, anayetuma huiweka barua kwenye foleni na kuijaribu tena kwa siku kadhaa, mara nyingi nne au tano. Jina likikosekana kwenye zoni, barua hukataliwa papo hapo. Oda imerudi, mnunuzi ameshampigia muuzaji wa Kisumu au Entebbe, na samaki waliokwishachunwa minofu wako kwenye barafu. Folda ya mtapeli nayo ipo kwenye seva vilevile, inasubiri jina jingine lielekezwe huko.

Ubaya unaweza kwenda mbali zaidi. Tuseme jina lililolalamikiwa ni la wakala mdogo wa Nyegezi, anayeuza majina chini ya msajili mwingine, naye seva zake za majina amezipa jina hilo hilo: ns1 na ns2 za .com yake. Wateja wake, zahanati, shule za binafsi, nyumba za wageni, wote wana majina ya .co.tz na .sc.tz yanayotegemea seva hizo. Ukifunga ile .com moja, akiba zikiisha majina yote hayo yanazimika pamoja, wala hakuna hata mmoja wao aliyelalamikiwa.

Hatua zinazofanya kazi zinajulikana. Lalamiko lije na anwani kamili ya ukurasa, siyo jina tupu. Tarehe na saa, na ni saa za nchi gani. Picha ya skrini. Na kama ni barua pepe, vichwa vyake vyote, ile mistari inayoonyesha barua ilipitia wapi. Msajili aangalie kwanza umri wa jina. Jina la siku tatu lenye herufi moja iliyobadilishwa kutoka jina la benki, lililolipiwa kwa kadi ya wizi, lifungwe mara moja, na hapo hakuna cha kumsubiri mtu. Jina la miaka tisa lenye folda moja ngeni ni la mwathirika. Tafuta anwani ya IP, ile namba ya seva kwenye intaneti, mjue mwenye seva kupitia RDAP, huduma ya wazi ya kuuliza jina au namba ni ya nani, mwandikie yeye na mwenye jina kwa pamoja, waambie folda ipi wafute na mlango upi wazibe. Wakikaa kimya, ndipo alama iwekwe.

Tofauti hiyo imo kwenye mkataba wa wasajili na ICANN, shirika la kimataifa linaloratibu majina ya intaneti. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 5 Aprili 2024 yanamlazimisha msajili kuchukua hatua haraka akiwa na ushahidi unaoweza kufanyiwa kazi kuhusu programu hasidi, mitandao ya kompyuta zilizotekwa, tovuti za kulaghai, uelekezaji wa hila, na barua taka zinazobeba hayo. Papo hapo yanasema hatua izingatie chanzo na ukubwa wa madhara, pamoja na hasara inayoweza kuwakumba wasiohusika. Maneno hayo ya mwisho yamo humo kwa sababu wanaoijua clientHold walikuwa mezani wakati mkataba unajadiliwa. Na zile saa 24 zinazotajwa-tajwa, kwenye mkataba zinahusu taarifa zenye msingi kutoka vyombo vya dola: ndani ya saa hizo taarifa ipitiwe na mtu mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Kupitiwa. Nani aligeuza kupitiwa kuwa kufungwa?

Sasa, mezani hapo nani anamsemea msajili wa kwetu? Ndani ya GNSO, chombo cha ICANN kinachotunga sera za majina kama .com, wasajili wana kundi lao na viti vitatu kwenye baraza. Mabadiliko ya mkataba hupigiwa kura zinazopimwa kwa idadi ya majina ambayo kila msajili anayasimamia, kwa hiyo kampuni yenye mamilioni ya majina inasikika na ya majina mia nne haisikiki. Kuidhinishwa tu na ICANN kuwa msajili ni dola 3,500 za maombi, dola 4,000 kila mwaka, na kuonyesha mtaji wa dola 70,000. Ndiyo maana wengi wa huku ni mawakala chini ya msajili wa nje, na wakala hana kura kabisa. Lugha ni Kiingereza karibu muda wote. Juni 2024 mkutano wa ICANN ulikuwa Kigali, safari ya basi kupitia Rusumo, na sijasikia sauti ya mawakala wa kanda hii ikitajwa popote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tumejiharibia wenyewe. Mafundi wa tovuti wanasajili jina la mteja kwa jina lao na barua pepe yao. Fundi akihama mji, taarifa za kulipia, zinazotumwa kama mwezi mmoja na wiki moja kabla ya muda kuisha, zinamfikia yeye. Mwenye duka anashtuka jina limeshaingia siku 30 za kukombolewa kwa gharama ya juu, kisha siku 5 za kufutwa, kisha limenyakuliwa. Wengine wanakalia namba ya siri ya kuhamisha jina kana kwamba ni dhamana ya deni. Mwakilishi yeyote wa wasajili asithubutu kuwatetea hao.

Lakini majina ya .tz hayaguswi na mkataba wa ICANN. Kanuni zake zinatungwa hapa nchini, na msimamizi ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, yenye ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza. Anayetaka kutusemea aache hotuba. Akusanye visa vya mawakala wa Igoma, Bukoba, Musoma na Geita: jina lilifungwa lini, kwa ushahidi gani, lilirudi baada ya saa ngapi, nani aliumia. Ataje kifungu kwa namba, aeleze kitakachovunjika, aandike maneno mbadala. Msimamo wake wausome mawakala kabla haujapelekwa, na majibu awarudishie.

Maneno mbadala yangu ni haya: "Msajili mwenye ushahidi unaoweza kufanyiwa kazi atafunga mara moja jina lililosajiliwa kwa ajili ya utapeli. Jina la mwathirika wa udukuzi litafungwa pale tu mwenye jina na mwenye seva walipoarifiwa kwa maandishi, wakitajiwa ukurasa husika, na hawakuchukua hatua ndani ya saa 48." Anayeona saa 48 ni nyingi, alete kisa chake tukipime.