Saratani ya umio (njia ya chakula) ikishukia mfuko wa tumbo: kamera kwa ratiba au kwa dalili?

Mgonjwa wa Siaya amemaliza kemo na mionzi Eldoret, ugali unapita tena, na miaka 2 imekatika. Aendelee kupanda matatu kila miezi 6 kwenda kupigwa kamera (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni), au angoje dalili?

Wanaotetea ratiba wana hoja. Kansa ya umio ya kwetu kwa kawaida ni ya seli bapa (zinazotandika ndani ya umio), na ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2. Ila zipo zinazochelewa. Seli hupita kwenye mishipa ya limfu chini ya utando wa umio, zikajificha kwenye ukuta wa mfuko wa tumbo au tezi zilizo kando yake. Kwa aliyepasuliwa, mfuko huo umevutwa kifuani kuwa umio mpya. Uvimbe ukiota humo, huenda ni kansa ile ya zamani au mpya kabisa, na tiba hutofautiana.

Miongozo ya Marekani humtaka asiyepasuliwa apigwe kamera kila miezi 3 hadi 6 katika miaka 2 ya kwanza. Ya Ulaya inasema hakuna ushahidi kwamba ukaguzi wa ratiba unarefusha maisha. Na kikomo cha SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ni cha familia nzima kwa mwaka, nauli hailipi.

Kamera nayo hudanganya. Uvimbe unaokua chini ya utando huonekana kama kinundu laini, na biopsi (kipande kinachokatwa kupimwa) ya juu juu hurudi safi. Kovu la mionzi likibana umio, kamera haishuki. Ripoti isiyotaja mfuko wa tumbo ni ya ukaguzi nusu, hata iandikwe “safi”. Hapo umio upanuliwe kwanza au ipigwe picha ya CT.

Kwa maoni yetu, ratiba imfae anayeweza kuhimili upasuaji kansa ikirudi. Wengine wahitaji mlango wa haraka kuliko tarehe, wakiona dalili hizi: kupungua uzito, kushiba kwa vijiko vichache, kutapika, kinyesi cheusi kama lami, upungufu wa damu. Ugali kukwama pekee si hukumu, maana kovu nalo hukwamisha.

Aliyewekewa mrija wa kulishia tumboni atazame pia tundu lake. Mrija uliopitishwa mdomoni unaweza, kwa nadra, kushuka na seli za saratani na kuzipandikiza hapo. Nyama inayoota na kutoa damu kando ya tundu ikatwe kipande kipelekwe maabara, isipakwe dawa ya kidonda miezi.