Jaji, Ungemuuliza Kikilowa Inakuwaje

Nimetoka kwenye maonyesho ya wanafunzi hapa Arusha na hasira haijanitoka. Binti mmoja wa Moshi alileta kihisi cha mgandamizo, yaani kifaa kinachopima kimebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, alichokitengeneza kwa nyuzi za mgomba. Jaji akakiinua kwa vidole viwili: "Mwanangu, hivi si vinauzwa mtandaoni? Kwa nini usiagize tu?" Akajaza alama, akahamia meza ya pili.

Mimi nilibaki. Kihisi chenyewe ni chembamba, cheusi, nyuzi zinachomoza pembeni. Alivunja betri za tochi zilizokufa, akatoa ile fimbo ya kaboni ya katikati, akaisafisha na kuisaga, akakoroga unga wake kwenye uji wa muhogo. Akachovya nyuzi, akazikausha, akazipanga tabaka kwa tabaka. Nilipobonyeza kwa kidole gumba, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) kwenye mita ukashuka, nilipoachia, ukapanda. Ukibonyeza, nyuzi zenye kaboni zinagusana sehemu nyingi zaidi na umeme unapata njia. Watafiti wanatumia kanuni hiyo hiyo kwenye pamba, hariri na karatasi.

Na kazi ya kukifanyia ipo. Mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni hahisi kokoto ndani ya kiatu. Kidonda huanzia pale anapoelemea sana, na kikichelewa kuonekana, mguu unaweza kukatwa. Mama yangu mdogo, kule Kibosho, alijua ana kidonda baada ya kuona damu kwenye soksi. Soli laini yenye vihisi kisigino na chini ya vidole ingeonyesha mapema uzito unaelemea wapi. Za kuagiza zipo, sawa, lakini ikiharibika nani ataifungua? Binti huyu anaweza kukata kihisi kwa mkasi kufuata unyayo wa mgonjwa aliye mbele yake, na kikichakaa akatengeneza kingine. Malighafi haimsumbui: mgomba huzaa mkungu mmoja tu, unakatwa, na shina, zinakotoka nyuzi, kwetu huwa chakula cha ng'ombe.

Najua, selulosi, yaani kile kinachounda nyuzi za mmea, inanyonya unyevu. Masika yakianza, au mguu ukitoka jasho, vipimo vinahama. Kikibonyezwa mara nyingi kinalegea. Haya, nakubali, leo hakifai kuvaliwa na mgonjwa.

Lakini hayo ndiyo maswali aliyostahili kuulizwa! Umekipima kwa uzito gani? Baada ya kubonyezwa mara elfu kinasomaje? Kikilowa inakuwaje, umejaribu kukipaka nta? Angerudi Moshi na kazi ya miezi. Amerudi na ushauri wa kununua.

Chuo cha Nelson Mandela kiko Tengeru, na sayansi ya malighafi za kutengenezea vitu inafundishwa pale. Kama kuna mwalimu wa huko anayesoma hapa, namwomba amwite binti huyu maabara hata siku moja, aje na nyuzi zake na kopo lake la uji, wakipime pamoja kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa.