"Inategemea mwili wa mtu"

Juzi jirani yangu alirudi kutoka kliniki na mumewe. Kansa ya mapafu, kemo ya kwanza wiki ijayo. Alikuwa ameuliza kama hiyo dawa itamfaa mzee, akajibiwa: "Mama, inategemea mwili wa mtu." Aliponisimulia nilishindwa kunyamaza, maana ndiyo maneno tuliyoambiwa sisi miaka minne iliyopita kuhusu shangazi.

Shangazi hakuwahi kuvuta sigara. Alipikia kuni maisha yake yote kule Muheza. Kikohozi kilipoanza alipewa dawa za TB, akazimeza miezi sita, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu hata mara moja. Ndipo wakachukua kinyama cha pafu kikapimwe. Nilikipeleka maabara mwenyewe: kikopo chenye kifuniko cheupe, ndani vipande vitatu vyembamba kama nyuzi za embe, vikielea kwenye fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhia nyama. Kilikuwa kimekaa siku tisa kwenye kabati la wodi. Majibu yakaja: adenokasinoma, aina mojawapo ya kansa ya mapafu. Akatundikiwa dripu za sisplatini, dawa ya kemo, akatapika, akakonda, na uvimbe ukazidi kukua.

Baadaye sana ndipo nikajua nilipaswa kuuliza nini. Tangu 2004 inajulikana kwamba baadhi ya uvimbe wa mapafu una hitilafu kwenye jeni ya EGFR, na wenye hitilafu hiyo ndio wanaofaidika zaidi na vidonge vya gefitinibu. Mwaka 2009 yakatoka matokeo ya utafiti wa IPASS, uliofanyika Asia kwa wagonjwa 1,217 wenye adenokasinoma, wengi wao wasiovuta sigara kama shangazi. Miongoni mwa waliopimwa jeni wakakutwa na hitilafu, uvimbe ulinywea kwa watu 71 katika kila 100 waliomeza vidonge, na 47 katika kila 100 waliopewa kemo. Kwa wasio na hitilafu mambo yaligeuka kabisa: vidonge vilimsaidia mmoja tu katika 100, kemo ikasaidia zaidi ya 23. Vidonge ni vilevile, ugonjwa una jina lilelile. Kilichoamua ni jeni ya uvimbe, na jeni hupimwa. Kumwambia mtu "inategemea mwili" ni kumfungia mlango ambao ufunguo wake upo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kwa kemo yenyewe daktari hana kipimo cha kutegemea. Mwaka 2006 watu walitumaini kuwa protini ya ERCC1 ingeonyesha nani atafaidika na sisplatini. Kufikia 2013 ikabainika kuwa vipimo vilivyotumika haviwezi kutofautisha aina ya protini hiyo inayofanya kazi na zile zisizofanya. Na gharama ni kweli. Tuliambiwa sampuli isafirishwe India, kwa bei iliyozidi mshahara wangu wa miezi miwili.

Lakini ukoo ungechanga. Tumechangia harusi za bei kubwa kuliko hiyo. Kilichotukwamisha ni kinyama chenyewe. Kinyama kinatakiwa kikae kwenye fomalini kati ya saa 6 na 48. Kikizidi sana, vinasaba vinakatikakatika na kipimo hakisomeki. Nilirudi kuomba kile kipande kilichohifadhiwa kwenye nta. Mhudumu akafungua daftari, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akaenda ndani, akarudi mikono mitupu. Nyama karibu yote ilishakatwa kwa ajili ya darubini, na kilichobaki kilikuwa kimeharibika.

Kuandika saa kwenye kikopo kunahitaji kalamu tu. Kukipeleka maabara siku hiyohiyo, kubakiza kipande kidogo, kumwambia mgonjwa kwamba kipo: hayo hayangoji mashine wala mfadhili. Kama shangazi alikuwa na hitilafu ile au hakuwa nayo, sitajua kamwe, na jambo hilo bado linaniamsha usiku.

Jirani nilimwandikia maswali nyuma ya daftari la mtoto wake. Kinyama kilitiwa fomalini lini? Kimebaki kwenye nta? EGFR imepimwa? Leo asubuhi kanipigia. Kipande kipo. Daktari amesema kama familia inaweza kukisafirisha, kemo itasogezwa wiki mbili, na jirani ameshaanza kuwapigia shemeji zake.